Waulizeni habari za wajomba

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ugonjwa wa misuli wa Duchenne nimeisoma mara mbili, maana mpwa wangu anao. Mmeeleza vizuri jinsi timu ya Louis Kunkel ilivyoipata jeni yake huko Boston mwaka 1986. Mlichoruka ni namna palivyojulikana pa kuitafuta.

Mwaka 1982 mtafiti Kay Davies na wenzake, London, walikuwa na kijialama tu cha vinasaba, kinachotofautiana mtu na mtu, kwenye kromosomu ya X, mmojawapo wa nyuzi zinazobeba jeni zetu. Wakachukua damu za familia zenye wagonjwa, wakaangalia nani anaumwa, nani mzima, na nani karithi alama ipi. Kata kanga popote utakapo: maua yaliyo mbalimbali yatatengana, yaliyobanana mara nyingi yatabaki kipande kimoja. Kromosomu mbili za X za mama nazo hukatika na kubadilishana vipande kabla hajampa mtoto. Alama ile ilipoonekana kuandamana na ugonjwa, wakajua jeni ipo jirani nayo, kwenye mkono mfupi wa X. Mashine zilikuwepo, lakini bila ukoo uliochorwa vizuri, wajomba wakiwemo, zisingeambulia kitu.

Mpwa wangu akiwa na miaka minne watu walimsifia vigimbi, eti huyu mcheza mpira; kumbe ndiyo dalili. Kuinuka sasa: mikono sakafuni, kisha magotini, kisha mapajani, anajipanda mwenyewe mpaka asimame. Mama yetu alipomwona alinyamaza. Alishayaona kwa kaka yetu, tuliyemzika akiwa na miaka 17.

Hospitalini waliuliza kama baba wa mtoto ana shida ya misuli. Hana. Wakaandika kwamba kwenye familia hakuna historia. Ukweni kwa dada yangu zikaanza habari za kutupiwa jini.

Mtoto wa kiume ana X moja tu, na kaipata kwa mamaye. Wapo ambao kasoro imeanzia kwao, ndiyo, lakini kwetu swali moja lingetosha: wajomba zake wakoje? Mimi niliyesalimika sina cha kuwarithisha wanangu. Dada zangu ndio wenye mashaka. Kwa ambaye hajapimwa, uwezekano wa kuibeba kasoro hiyo ni nusu kwa nusu.

Mdogo wetu wa mwisho anaolewa Desemba. Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuuliza kama yupo.

Mjomba mtu,
Tanga