Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mguu ulipona, kiharusi kikaja

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: KIHARUSI KWA WAGONJWA WANAOFANYIWA UPASUAJI WA MISHIPA YA DAMU

Mheshimiwa Waziri,

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Nakuandikia hadharani kwa sababu wagonjwa ninaotaka kuwasemea hawana wa kuwasemea. Ni wale tunaowafungua mishipa ya miguu iliyoziba, tunaowakata vidole na miguu iliyooza kwa kisukari, tunaowaunganisha mshipa mkononi ili wasafishwe damu kwa mashine. Tunawaingiza chumba cha upasuaji kwa ajili ya mguu au mkono. Kisha baadhi yao wanarudishwa kwetu mdomo umekwenda upande, na wengine hawarudi kabisa.

Nianze na mjomba wangu.

Alikuwa mvuvi Pangani, umri wake miaka 64. Asubuhi moja aliamka mguu wa kulia umepauka, unauma kupita kiasi, na ukiugusa ni wa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Ndugu walihangaika usafiri, wakamfikisha hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja. Na niseme kwa haki: madaktari wa pale waliuokoa mguu ule. Walimfungua kinenani, wakapitisha mrija mwembamba wenye kipira kidogo kwenye ncha, wakalivuta nje bonge la damu lililokuwa limeziba mshipa. Mrija huo ulibuniwa na Mmarekani Thomas Fogarty mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu wengi sana duniani wanatembea leo kwa sababu yake. Jioni ile mjomba alinipigia mwenyewe. "Mjomba, mguu umepata joto," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka huku analia.

Siku ya sita akaruhusiwa. Binamu yangu akanitumia picha ya karatasi ya ruhusa, nikaisoma nikiwa zamu ya usiku, nimesimama kwenye meza ya dawa. Dawa ya kuua vijidudu, siku saba. Dawa ya maumivu. Kidonda kisafishwe zahanati kila baada ya siku mbili. Arudi kliniki baada ya wiki sita. Niliridhika nikaendelea na kazi. Sikuuliza swali ambalo leo siwezi kumwona mgonjwa wa namna ile bila kuliuliza: bonge lile lilitoka wapi?

Siku ya 19 baada ya kuruhusiwa, alfajiri, akitoka kutawadha, alianguka mlangoni. Mkono wa kulia haukuinuka, maneno hayakutoka. Majirani wengine walisema ni upepo mbaya, na nusu siku ikapotea katika kutafuta wa kumzungua. Nilipofika nilimshika kifundo cha mkono kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Mapigo mawili ya haraka, kimya, moja, matatu yamebanana, kimya kirefu, moja. Hayakuwa na mpangilio wowote. Kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha nilichokisikia kwa vidole.

Moyo unaopiga hivyo, Mheshimiwa, hausukumi damu sawasawa kutoka kwenye vyumba vyake vya juu. Damu inatuama, inaganda, na kipande kikimeguka kinakwenda popote mkondo unapokipeleka. Mara ya kwanza kilikwenda mguuni. Mara ya pili kilipanda kichwani. Mtu mwenye mapigo ya namna hii anakabiliwa na kiharusi mara tano hivi zaidi ya asiyekuwa nayo, na dawa za kuzuia damu isigande, hata warfarini ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, hupunguza hatari hiyo kwa takriban theluthi mbili. Kilichokosekana kwa mjomba ni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na mstari mmoja kwenye karatasi ya ruhusa. Mguu uliookolewa siku ile ndio anaouburuta leo.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo jepesi hivi linatuponyoka, na jibu ninaliona wodini kila siku. Kliniki ya upasuaji inaangalia mguu. Kliniki ya moyo iko jengo jingine, kwa tarehe nyingine. Kichwa hakina mwenyewe mpaka kiharibike. Ilhali mishipa ya mtu ni mtandao mmoja: aliyezibika mishipa ya miguu kwa sigara, lehemu, kisukari na presha, ya shingoni na ya moyoni nayo ipo mashakani. Mgonjwa anayekuja kulalamikia mashavu ya miguu kuuma akitembea mwendo mfupi amekuja pia, bila kujua, kutuonya kuhusu ubongo wake.

Ulaya na Marekani wamewekeza sana kwenye mishipa ya shingo. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliotoka mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa watu ambao mshipa wa shingo umeziba kwa asilimia 70 au zaidi na tayari wameshapata dalili za kiharusi, 26 kati ya 100 walipata kiharusi cha upande ule ndani ya miaka miwili wakitumia dawa peke yake, na waliofanyiwa upasuaji walikuwa 9. Baadaye ikajulikana kwamba faida ni kubwa zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya wiki mbili tangu dalili ya kwanza. Kwetu, mtu akipooza mkono kwa dakika 20 kisha ukarudi, familia inashukuru Mungu na anaendelea na shughuli zake. Hajui kwamba hiyo ni dharura, na zahanati nyingi hazimwambii. Hili nalo nakuomba ulisemee redioni kwa sauti yako mwenyewe, maana waziri akisema watu husikia.

Lakini sitaki tuige ya wenzetu bila kupima yetu. Kwetu adui mkubwa ni presha. Uchunguzi uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya takriban 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Wengi walikuwa na presha, na wengi wa hao hawakuwa kwenye matibabu. Watu haohao ndio wanaolala kwenye vitanda vyangu wakisubiri upasuaji.

Njoo wodini saa kumi na moja alfajiri siku ya upasuaji, Mheshimiwa, uone ninachokiona. Kitandani kuna bango: ASILE WALA KUNYWA. Mgonjwa ameshika kikopo chake cha dawa za presha, ananiuliza, "Sista, na hizi je?" Nimeshasikia akijibiwa, "Usile kitu chochote, mama," naye akakirudisha kikopo chini ya mto. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila nyingi za dawa hizo zinapaswa kumezwa asubuhi ileile kwa tone la maji, na zile chache za kuachwa anapaswa kuzitaja daktari wa usingizi, kwa majina. Mgonjwa aliyeruka dozi jana usiku na leo asubuhi anaingia mezani presha ikiwa juu, halafu tunaishusha kwa pupa. Ubongo uliozoea presha ya juu haupendi kushushwa ghafla.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Utafiti wa mwaka 2008 wa wagonjwa zaidi ya 8,000 katika nchi nyingi ulijaribu kuwaanzishia dawa ya metoprololi, inayotuliza mapigo ya moyo, kwa dozi kubwa, saa chache kabla ya upasuaji ili kuukinga moyo. Mishtuko ya moyo ilipungua, lakini viharusi viliongezeka maradufu na waliokufa wakawa wengi zaidi. Aliyekuwa akiitumia dawa hiyo toka zamani asiachishwe; ambaye hajawahi kuitumia asianzishiwe asubuhi ya kisu. Haya yameandikwa kwenye vitabu vya madaktari. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye ndiye yupo kitandani saa hiyo, hana karatasi yoyote inayomwambia.

Halafu kuna saa za baada ya upasuaji. Viharusi vingi vya wagonjwa hawa havitokei mezani. Hutokea mgonjwa akiwa ameshaamka, siku ileile au siku chache zinazofuata. Tunavikosa kwa sababu kila mtu, nikiwamo mimi, anasema bado ana dawa ya usingizi. Mzee hajibu, tunasema amechoka. Mkono hauinuki, tunasema ni dripu. Na mgonjwa wa namna hii tukichelewa kumgundua tumemwacha pabaya, maana sindano ya kuyeyusha bonge la damu, ile inayopaswa kutolewa kabla hazijapita saa nne na nusu tangu kiharusi kianze, kwa kawaida hapewi mtu mwenye kidonda kibichi cha upasuaji mkubwa. Kwake kinga ndiyo karibu kila kitu.

Ninachokuomba kinatosha nusu karatasi. Ibandikwe mbele ya faili la kila mgonjwa wa mishipa, nchi nzima. Iulize mapigo yameshikwa na yana mpangilio, ndiyo au hapana. Na kama hapana, kipimo cha umeme wa moyo kiko wapi. Iulize kama alishawahi kupooza, hata kwa dakika chache, na lini, kwa sababu aliyepata kiharusi ndani ya miezi mitatu iliyopita ana hatari kubwa, na upasuaji usio wa dharura unaweza kungoja. Itaje dawa za kumeza asubuhi ya upasuaji na za kuacha. Aspirini isisimamishwe kwa mazoea tu, daktari aamue na aandike. Mgonjwa akiamka, tumwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje jina la mtoto wake wa kwanza. Turudie kila saa usiku ule wa kwanza. Sijawahi kuona kipimo cha bei ndogo kuliko hicho.

Na anaporuhusiwa, sehemu ninayoililia zaidi, asitoke mlangoni bila jibu la maneno yaliyoandikwa: chanzo cha bonge ni nini, na nani anamfuatilia. Aondoke na dawa ya presha, dawa ya lehemu, na aspirini au warfarini kadiri daktari alivyoamua, akiwa nazo mkononi. Cheti cha kwenda kutafuta duka si dawa.

Warfarini inahitaji mara kwa mara kipimo cha INR, yaani cha kujua damu inachukua muda gani kuganda. Damu ikiwa nzito mno dawa haifanyi kazi, ikiwa nyepesi mno mgonjwa anavuja. Mvuvi au mkulima akiambiwa aje mjini kila wiki kutobolewa kidole, atakuja wiki mbili, ya tatu nauli itakuwa imeliwa na watoto. Zipo mashine ndogo za mkononi zinazotoa jibu kwa tone la damu. Kila hospitali ya wilaya iwe nayo moja na vijiti vyake vya kutosha. Najua zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho, nazo ziingie kwenye orodha, lakini zisiwe kisingizio cha kuisahau warfarini. Tuna mabinti wengi ambao valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wenye valvu za namna hiyo na mapigo yasiyo na mpangilio, warfarini bado iliwalinda vizuri zaidi ya mojawapo ya dawa hizo mpya.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tunayo. Nakuomba kifurushi chake kimhesabu mgonjwa wa mishipa kuwa bado mgonjwa hata baada ya nyuzi kutolewa. Kumlipia upasuaji na kumnyima vidonge vya kila siku ni kumtibu nusu.

Nusu karatasi niliyoitaja nimeshaiandika kwa mkono, nikaituma ofisini kwako kwa posta Jumatatu. Mjomba alikaa mezani nikiandika. Hasemi mengi siku hizi, lakini alitaka kubandika stempu mwenyewe, na aliibandika, kwa mkono wa kushoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi, wodi ya upasuaji