Barua kwa binti yangu anayefundisha Makete

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako ameisoma kabla yangu, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Sisi hatujambo, chai inachumwa na mvua haijatuacha. Umeeleza kwamba umechoka, kwamba darasa la kwanza unalofundisha lina watoto zaidi ya 90 ilhali mwongozo wa Serikali unataka mwalimu mmoja wa shule ya msingi awe na wanafunzi 45, na kwamba umeanza kufikiria kuomba uhamisho ili urudi Mbeya mjini. Sitakuhubiria habari za wito, kwa sababu nimewasikia watu wengi wakilitaja jambo hilo pale tu wanapotaka mwalimu anyamaze.

Unajua kwamba mimi sikuwahi kushika chaki. Riziki iliyowasomesha ilitoka masjala, ambako majalada ya walimu yalipita mikononi mwangu hadi nilipostaafu, na karani anayesoma majalada hujua mambo ambayo hotuba hazisemi. Ni mara chache sana nilimwona mwalimu aliyeacha kazi kwa sababu ya watoto. Wale walioacha, au waliobaki huku moyo umekwisha kuondoka, walikuwa wameelemewa na mambo yanayolizunguka darasa: kupanda daraja kulikocheleweshwa, malimbikizo ya mshahara yasiyolipwa, nyumba inayovuja, deni, na upweke wa kituo ambako hakuna anayekuuliza umeshindaje. Kwa hiyo naomba uchovu wako uuchambue kabla hujauhama, ujue upi unatoka darasani na upi unatoka nje yake.

Wa darasani ni wa kweli. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi, jambo jema, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile, na mzigo ukaangukia zaidi madarasa ya chini. Isitoshe, kazi yako haina wa kuishangilia. Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya darasa la saba, anayepongezwa ni mwalimu wa darasa la saba, na hakuna anayemkumbuka aliyemfundisha mtoto yule yule kuunganisha herufi mbili zikatoa sauti. Kwa sababu hiyo usisubiri kupimwa na wengine. Weka daftari lako mwenyewe, mbali na shajara la somo na andalio la somo ambayo unaandika kwa ajili ya wakaguzi, na kila mwisho wa mwezi uandike ni nani anasoma silabi, ni nani amefika kwenye maneno, ni nani anasoma sentensi na kuielewa. Watoto wako wengi wametoka nyumbani wakizungumza Kikinga, kwa hiyo anayeonekana mzito wa kusoma huenda bado anajifunza Kiswahili chenyewe. Wewe Mnyakyusa jifunze Kikinga cha kuwatuliza na kuwaelekeza, hata kama watakucheka, na nina hakika watakucheka.

Kuhusu upweke, nakushauri uyachukulie kwa uzito mafunzo yale mnayoyaita MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo walimu hukutana shuleni kufundishana. Wapo wanaokaa katika jumuiya ya ujifunzaji ili tu majina yao yaonekane kwenye mahudhurio. Wewe peleka pale tatizo halisi la juma hilo, mathalani jinsi ya kuwasikiliza watoto 90 wakisoma kwa sauti ndani ya kipindi kimoja, na umwombe mwalimu wa darasa la pili aje aketi nyuma ya darasa lako akuangalie. Mwalimu mwenzako aliyeliona darasa lako kwa macho yake atakufaa kuliko mimi na barua zangu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni fedha. Usikubali kamwe mikopo ya kausha damu. Nimewaona walimu hodari, wenye vyeti vizuri, wakikabidhi kadi ya benki pamoja na namba ya siri kwa mkopeshaji, kisha siku ya mshahara yeye ndiye anayetangulia kwenye mashine na kumwachia mwenye jasho kiasi anachopenda. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na wakopeshaji hao huchukua kadi kwa sababu hiyo hiyo, maana wanachokichukua hakipiti kwenye makato rasmi wala hakionekani kwenye hati ya mshahara. Mwalimu wa namna hiyo huingia darasani akiwaza nauli, na watoto huona. Ukikwama, uliza kwanza kama kuna SACCOS ya walimu wilayani kwenu, soma riba kabla ya kuweka sahihi, na kabla ya hayo yote nipigie simu mimi.

Kuhusu nyumba, usione haya kuzungumza. Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, huadhimishwa tangu mwaka 1994 kwa kukumbuka mapendekezo ya mwaka 1966 ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, na humo imo hoja kwamba mwalimu anayepelekwa mbali apatiwe makazi yanayofaa, ikiwezekana bure au kwa kodi nafuu. Mwombe mwalimu mkuu aliweke suala la paa lako kwenye ajenda ya kamati ya shule na serikali ya kijiji kabla mvua hazijaanza. Wilaya yenye mbao kama Makete haiwezi kushindwa kuziba paa la mwalimu mmoja, ila ni lazima paa hilo litajwe mkutanoni.

Kuhamia mjini si dhambi, na ukiamua nitakuunga mkono. Jua tu kwamba uhamisho unaouomba mwenyewe haulipiwi gharama, na kwamba ombi lolote hukwama pale kumbukumbu zako zinapokuwa na upungufu. Umemaliza mwaka wa matazamio, lakini hujaniambia kama barua ya kuthibitishwa kazini umeipata. Nitumie nakala yake, pamoja na barua ya ajira na hati ya mshahara wa mwezi uliopita, kwa dereva anayepita Isyonje siku ya Jumamosi. Nimekufungulia jalada hapa nyumbani, na huyo huyo dereva atakuletea sweta mbili kutoka kwa mama yako na mkungu wa ndizi.

Wako akupendaye,
Baba