Barua kwa mwalimu wa Kondoa: umeme na sumaku mwaka wa kwanza

Dodoma, mwezi wa tano

Ticha wangu mpendwa,

Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. (Najua unacheka. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua shule ya msingi, na mimi siachi.) Habari za Kondoa? Watoto hawajambo? Vijana wako wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wameingia kwenye mtihani wa taifa salama?

Swali lako nimeona haliwezi kujibiwa kwa simu. Mdogo wako anakuja kusoma ualimu wa fizikia na hisabati, amesikia mitaani kwamba kozi ya umeme na sumaku inalamba watu, na wewe unataka kujua tunaiendeshaje na watu wanaangukia wapi. Nakujibu nikiwa msaidizi wa mhadhiri, yaani yule anayeshinda na wanafunzi kwenye semina na maabara na kusahihisha makaratasi yao usiku. Kwa hiyo usitegemee maelezo ya kwenye prospektasi.

Umbo la kozi nilimalize haraka. Iko muhula wa pili, baada ya mekanika na kalkulasi ya kwanza, na ina krediti 12. Kwa hesabu ya TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, basi hizo ni saa 120 kwa muhula, na mihadhara haichukui hata nusu yake. Hapa ndipo wageni wanapojidanganya. Wanaangalia ratiba, wanaona pindi tatu kwa wiki, wanadhani kozi ndiyo hiyo. Saa zilizobaki ni za semina, za maabara, na za kupiga msuli vimbwetani. Kozi weki ina alama 40: majaribio mawili, maswali ya kwenda nayo bwenini, na ripoti za maabara. UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ina 60. Mada zinafuata mpangilio uleule wa vitabu vyote unavyovijua: Coulomb, uga wa umeme (msukumo ambao chaji inaueneza kuizunguka), Gauss, potenshali, kapasita, mkondo na saketi, halafu sumaku, Biot na Savart, Ampère, Faraday, mkondo wa AC, na mwisho kabisa milinganyo ya Maxwell, ambayo kwa kweli tunaipungia mkono tu kwa kuwa muhula umeshakwisha.

Sasa wanakoangukia. Wengi wanadhani ni kwenye saketi zenye matawi mengi, kumbe hapo wanapata alama nzuri tu, kwa sababu mmewanoa vizuri huko sekondari. Wanatudondokea wiki ya sheria ya Gauss, ile inayosema flaksi (jumla ya mistari ya uga) inayotoka kwenye uso uliofungwa ni chaji iliyo ndani gawanya kwa ε₀, namba isiyobadilika. Na hiyo ni mapema, jaribio la kwanza lenyewe halijafika.

Mwanafunzi anatoka kidato cha sita na E = kQ/r² mkononi, yaani uga unapungua kwa mraba wa umbali. Ni fomula halali kwa chaji ya nukta, na kwa nje ya tufe ambalo chaji yake imesambaa sawasawa. Yeye anaitumia kila mahali: kwenye waya mrefu, kwenye bapa, hata ndani ya metali ambayo chaji zake zimetulia, ambako uga ni sifuri. Ukimwambia kwamba uga wa waya mrefu unapungua kwa 1/r, na kwamba karibu na bapa pana haupungui kabisa, anachukua kalamu aongeze fomula mbili kwenye daftari. Sasa ana tatu. Jaribio linakuja na umbo la nne.

Kuna swali tunalowapa karibu kila mwaka, nalipenda mno. Chaji q imewekwa kwenye kona moja ya mchemraba. Flaksi inayopita kwenye mchemraba mzima ni kiasi gani? Hapo ukumbi unagawanyika. Kuna wanaosema q/ε₀ kwa sababu chaji imo. Kuna wanaosema sifuri kwa sababu chaji iko nje. Na kuna wale mashujaa wanaoanza integrali ya kurasa mbili, ambayo haiishi. Mwaka jana binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye sijawahi kumsikia akijibu, alisimama akaenda mezani, akayapanga maboksi ya chaki manne chini na manne juu, akaweka kidole pale katikati yanapokutana yote. Chaji ikikaa pale, maboksi manane yameizunguka sawasawa, kwa hiyo kila boksi lina moja ya nane: q/8ε₀. Akaendelea mwenyewe, hajaulizwa: nyuso tatu zinazogusa kona ile hazipitishi kitu kwa kuwa mistari ya uga inateleza sambamba nazo, basi zile tatu za upande wa pili zinagawana, kila moja q/24ε₀. Akarudi kukaa. Hakuna integrali hata moja ubaoni.

Ndiyo maana semina zangu zinaanza bila kikokotoo. Unachora kwanza: chaji ziko wapi, mistari ya uga inaelekea wapi, wapi panalingana na wapi. Ukishachora ndipo unaruhusiwa kugusa namba. Wananichukia mwezi wa kwanza. CR, kiongozi wa darasa, alishakuja kuniambia kwa adabu zote kwamba wenzake wanalalamika nawapotezea muda, UE haitoi alama za michoro. Nikamjibu aje na karatasi ya mtu aliyefaulu swali la Gauss bila mchoro. Bado namsubiri. Wanakimbilia pasti pepa, na siwalaumu sana, maana madarasa ni makubwa na wengi wamefika hapa kwa kufanya hivyo hivyo. Ila swali la Gauss ukilikariri lenye tufe, ukaletewa lenye silinda, hauna pa kushika.

Mihadhara ni kwa Kiingereza, unajua. Kwenye semina nawaachia wabishane kwa Kiswahili, na hapo ndipo utajua nani kaelewa.

Maabara ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo yenye ugomvi wangu na wakubwa zangu. Muhula wa pili huku unaanza mwezi wa tatu. Dodoma yote tunalilia mvua, lakini hiyo kidogo tunayopata inanyesha Desemba hadi Aprili. Maana yake wiki za umemetuli, umeme wa chaji zilizotulia, zinaangukia kwenye unyevu. Unasugua fimbo ya plastiki kwa kitambaa, unaisogeza kwenye elektroskopu, kile kifaa cha kuonyesha chaji, majani yake yanafunguka kwa aibu, na kabla hujamaliza sentensi yameshafunga. Utando mwembamba wa maji umekaa juu ya plastiki na kizio, chaji inakimbilia humo. Tunaanika vifaa juani, tunavipitishia hewa ya moto, tunapata dakika chache. Halafu ikifika Juni, upepo mkavu umeanza, sweta likivuliwa usiku linatoa cheche, chaji inakaa kwenye puto mpaka unaisahau, na sisi tuko kwenye sumaku! Mimi nasema tuanze na saketi na sumaku, umemetuli uje mwishoni. Wakubwa wanasema potenshali lazima itangulie, la sivyo utaelezaje volti? Hoja yao ina uzito, siikatai. Lakini hawa watoto wameishi na volti tangu kidato cha pili bila kufa. Mwaka huu pia nimeshindwa.

Jaribio ambalo halijali mvua ni la kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji, na hili naomba uliibe ukafanye huko kwako. Tunachaji kapasita ya mikrofaradi 470 kwa betri ya volti 9, kisha tunaiacha imwage chaji kupitia rezista ya kiloomu 100. Mmoja ameshika saa ya simu, mwingine anasoma volti. R mara C ni sekunde 47. Ndani ya muda huo volti zinatakiwa kushuka hadi karibu asilimia 37 ya zile za mwanzo, yaani 3.3. Kapasita hizi za bei rahisi haziko sahihi sana, kwa hiyo meza zenye multimita ya dijitali zinapata namba za kuzungukazunguka hapo kwenye 47. Lakini kuna meza moja ninaipa kwa makusudi mita ya zamani ya mshale. Wale wanapata kama 31.

Kaa pembeni uwatazame. Wanarudia. Tena 31. Wanachungulia meza ya jirani. Kisha wanaanza kupika data, nawaona, wanaandika 46.2 kwa mwandiko mzuri kabisa. Ripoti inayosema 47 kutoka meza ile napiga mstari mwekundu. Mita ile ina ukinzani wa kiloomu 20 kwa kila volti ya skeli. Kwenye skeli ya volti 10 ni kiloomu 200, nayo imeungwa sambamba na rezista yako. Umefungulia simtanki bomba la pili, halafu unashangaa maji kuisha mapema. Kiloomu 100 na 200 sambamba zinatoa karibu 67, zidisha kwa 470, sekunde 31 hizo hapo. Aliyeandika 31 akaeleza kwa nini ndiye anayepata alama zote. Mita ya dijitali mara nyingi ina megaomu 10, ndiyo maana wenzao hawakuhisi kitu.

Kwenye sumaku tunaanza na jaribio la Ørsted la mwaka 1820, waya na dira, kwa sababu linaonekana kwa macho. Tunapitisha ampia 3 kwenye waya ulionyooshwa kaskazini-kusini, sentimita 2 juu ya sindano. Hesabu inatoa mikrotesla 30, ambayo inakaribiana na sehemu ya mlalo ya uga wa dunia hapa kwetu, kwa hiyo sindano inageuka karibu digrii 45. Wanapiga makofi. Ampia 3 usiziache muda mrefu tu, waya unachemka na betri inalia.

Kisha nawaonyesha sindano ya kuning'inia, inayoweza kuzama. Vitabu vyetu vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na mchoro wao unaonyesha ncha ya kaskazini ikielekea ardhini. Dodoma ni kinyume. Sisi tuko kusini ya ikweta ya sumaku, ambayo upande huu wa Afrika inapita juu huko Ethiopia, hivyo inayozama ni ncha ya kusini, tena kwa zaidi ya digrii 30. Kila mwaka kuna kikundi kinachogeuza sindano ili ifanane na kitabu. Nakiacha kihangaike kidogo.

Na kanuni ya mkono wa kulia, ile ya dole gumba kufuata mkondo na vidole vilivyokunjwa kufuata uga! Siku ya jaribio la pili pita katikati ya viti uangalie. Nusu ya ukumbi wanakunja vidole vya mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshika kalamu. Majibu yote yanatoka na mwelekeo kinyume, hesabu safi kabisa. Mwambie mdogo wako aweke kalamu chini.

Faraday mwaka 1831, na sheria yake kwamba sumaku inayobadilika inazalisha volti, anatuletea koili na galvanomita, na sumaku inayoshuka polepole ndani ya bomba la aluminiamu, hayo unayajua. Nilichoongeza mimi ni treni. Tangu SGR, treni ya umeme, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wanafunzi wengi wanakuja nayo, basi nawauliza: kwa nini waya ule wa juu una volti 25,000, wakati nyumbani tunatumia 230? Kwa nguvu ileile, mkondo unapungua karibu mara 109, na joto linalopotea kwenye waya uleule linapungua karibu mara 11,800, kwa kuwa linafuata mraba wa mkondo. Baadaye wenyewe wanaanza kuuliza habari za minara mirefu inayotoka Dodoma kwenda Singida, iliyojengwa kwa ajili ya kilovolti 400. Kutoka hapo transfoma inajifundisha, na sheria ya Faraday inapata kazi.

Kwa mdogo wako, likizo hii asisome mbele. Arudie vekta mpaka azichoke, na integrali rahisi, hasa ile ya kugawa kitu vipande vidogo na kuvijumlisha tena. Akija anitafute mapema, asisubiri sapu, mtihani wa marudio. Wanaokuja ofisini wiki ya 3 nawasaidia kwa raha. Wanaokuja wiki ya 14 wanataka nitabiri mtihani.

Na wewe, kwa darasa lako la mwakani, jaribu kuuliza "uga unaelekea wapi?" kabla ya "ni kiasi gani?", halafu uniambie wanakujibuje.

Nina ombi. Dira za maabara yetu nyingi zimechoka, sindano zimebadilika ncha kwa kulazwa karibu na sumaku kubwa, na maombi ya mpya bado yako mezani kwa mtu. Kabati lenu zamani lilikuwa na dira nzuri. Kama bado zipo na mkuu wako hana neno, nifungie nne hivi kwenye boksi gumu, umpe kondakta wa basi la asubuhi, unipigie namba ya gari. Nitazipokea stendi. Sumaku tunaingia baada ya wiki mbili, na zitarudi kabla shule haijafungua, pamoja na zile kapasita na rezista nilizokuambia ili ufanye jaribio lako. Mita ya mshale najua unayo.

Wasalimie nyumbani, na mama mwambie nakuja kula ugali wa uwele mwezi wa nane.

Wako,
ticha mwenzio wa Dodoma