Barua kwa mwanangu aliye Calgary

Tanga

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imetulia tangu abadilishiwe dawa, na mdogo wako Salimu amehamishiwa Korogwe kikazi, kwa hiyo nyumba imekuwa kimya kidogo. Mvua mwaka huu zimekuja vizuri, mihogo ya shamba la Pongwe imeshika.

Mama yako amenieleza mliyozungumza. Kwamba wewe, mkunga wa miaka mingi, umewekwa kuogesha na kulisha wazee wakati vyeti vyako vinakaguliwa. Kwamba binti aliyemaliza chuo juzi ndiye anayekuonyesha namna ya kufunga mkanda wa kipimo cha presha, na kwenye orodha ya zamu jina lako liko chini kabisa, pamoja na wanaoanza kazi. Ukamwambia mama yako unahisi kama miaka yako yote ya Tanzania imefutwa na mtu mwenye kalamu. Nimeona simu haitoshi kwa jambo kama hili. Tena nina habari ya mtu aliyepitishwa njia hiyohiyo, na mambo yake yalitokea hapohapo Calgary, katika lile jengo lenye paa la umbo la tandiko la farasi unalopita na treni ukienda mjini, Saddledome.

Anaitwa Sergei Makarov. Alicheza hoki ya barafuni, winga wa kulia.

Unajua nilisoma Moscow miaka ya 1980. Chumba cha bweni nilipangwa na kijana wa Chelyabinsk, mji wa viwanda kule Ural, na Makarov alizaliwa mji huohuo, Juni 1958. Basi mwenzangu alimzungumza kama mtoto wa mjomba wake. Timu ya kwanza ya Makarov ilikuwa Traktor, ya hukohuko Chelyabinsk, ambako kaka yake Nikolai naye alicheza. Mwaka 1978 akaenda CSKA, timu ya jeshi ya Moscow. Mwenzangu ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza, nimejifunga makoti mawili, sijui hata kinachogombewa ni nini. Kumbe ni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, tulikiita shaiba, na uwanja mzima ulikuwa ukipiga kelele za "Shaibu! Shaibu!" kutaka bao.

Nataka ukione nilichokiona, maana bila hicho hutaelewa kilichofuata. Makarov hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Alikuwa akiinama chini sana, magoti yamekunjwa, shaiba iko kwenye ncha ya gongo lake, naye anamwendea beki polepole kana kwamba ana siku nzima. Beki anasubiri. Makarov naye anasubiri. Mara beki anaegemea mguu mmoja, kidogo tu, na hapo ndipo Makarov anapopita upande wa pili. Ukisikia viatu vyake vinakwaruza barafu ujue ameshapita. Na akiona njia imefungwa, hakuitupa shaiba mbele ovyo. Aliirudisha nyuma kwa Igor Larionov, kiungo wa kati, au akazunguka nayo mwenyewe mpaka Vladimir Krutov afike upande wa kushoto. Nyuma yao walikuwapo mabeki Vyacheslav Fetisov na Alexei Kasatonov. Watano hao waliingia pamoja na kutoka pamoja, maana kwenye mchezo ule wachezaji hubadilishwa kila mara, mtu akikaa barafuni dakika nzima ameshachoka. Walikuwa wakijua mwenzao yuko wapi bila kugeuza shingo.

Sasa sikiliza alivyokuwa mtu huyu kabla hajafika Calgary. Mara 9 aliongoza ligi ya Usovieti kwa pointi. Huko bao ni pointi moja na pasi ya bao ni pointi moja. Mara 3 alichaguliwa mchezaji bora wa nchi ile nzima. CSKA walichukua ubingwa kila msimu aliokuwa nao, misimu 11. Alikuwa katika kikosi cha taifa cha mwaka 1981 kilichowafunga Wakanada 8-1 kwao Montreal, fainali ya Kombe la Kanada. Olimpiki ya 1984 Sarajevo, dhahabu. Olimpiki ya 1988, dhahabu tena, na hiyo ilichezwa Calgary, Saddledome. Pale waliwafunga wenyeji 5-0 na Waswidi 7-1. Watu wa mji unaokaa sasa walimwona kwa macho yao, wakanunua na tiketi.

Usidhani kwao alikuwa akiishi kifalme. Kocha wao, Viktor Tikhonov, aliwafungia kambini karibu mwaka mzima, hata wenye wake na watoto, na kwa kuwa timu ni ya jeshi, wachezaji walikuwa na vyeo vya kijeshi, huwezi kusema naacha kazi. Oktoba 1988 Larionov aliandika barua ya wazi katika jarida la Ogonyok kumlalamikia kocha, jambo ambalo sisi wageni tuliokuwa tukifahamu maisha ya kule lilitushtua. Fetisov naye akagoma kunyamaza. Kiangazi cha 1989 milango ikafunguliwa: Fetisov akaenda New Jersey, Larionov na Krutov wakaenda Vancouver, Makarov akaja Calgary.

Timu ya Calgary walikuwa wamelishika jina lake tangu 1983. Katika ule mgao ambao timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya, walimchagua wa 231, raundi ya 12, karibu na mwisho wa orodha, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyeamini Moscow itamwachia. Naye alifika timu hiyo ikiwa ndiyo kwanza imetwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi ya kule, Mei 1989. Hakuna aliyekuwa akimhitaji. Hata namba yake, 24, aliyoivaa miaka yote, ilikuwa na mwenyewe. Akapewa 42.

Na kwa sheria za NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, aliandikwa mchezaji mpya. Miaka 31, mataji yote hayo, na kwenye vitabu vyao anahesabiwa pamoja na vijana waliotoka kwa mama zao mwaka ule. Mama, hebu pima mwenyewe jambo hilo.

Msimu wa 1989/90 alicheza mechi zote 80. Mabao 24, pasi za mabao 62, pointi 86. Mwisho wa msimu wakampa tuzo ya Calder, ya mchezaji bora kati ya wanaoanza. Aliyemfuatia kwenye kura alikuwa Mike Modano, kijana wa miaka 19. Watu wakanung'unika kwamba haiwezekani mtu mzima, bingwa wa dunia, ashindane na watoto. Wakabadilisha kanuni: tangu hapo anayepewa tuzo hiyo lazima awe hajafika miaka 26 msimu unapoanza. Kanuni hiyo ipo mpaka leo, na watu wa hoki huiita kwa jina la Makarov.

Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani. Mwenzangu wa Chelyabinsk aliniandikia, akaweka na kipande cha gazeti ndani ya bahasha, na kwenye barua yake alikuwa na hasira kuliko wewe. Aliona wamemdhalilisha mtu wao mara mbili: kwanza kumwita mwanafunzi, kisha kulalamika mwanafunzi huyo amewashinda. Nilimwelewa. Lakini nilipozitazama zile namba, nilisimama kwenye 62. Pasi 62 za mabao maana yake amekuja kwenye timu ambayo hajui lugha yao, hajui wanapenda kukaa wapi, na mara 62 amempelekea mtu shaiba mahali alipoihitaji. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo kuliko aliouzoea. Wa Ulaya una upana wa mita 30, wa Amerika ya Kaskazini karibu mita 26, kwa hiyo ile nafasi ya kusubiri beki aegemee mguu inapungua, na mabeki wa kule wanakuja kukugonga na mwili mzima. Makocha wengi wa Amerika ya Kaskazini wa enzi hizo walitaka shaiba itupwe mbele, watu waikimbilie. Yeye aliendelea kuishika, kuizungusha, kuirudisha nyuma ikibidi, ila aliamua mapema zaidi. Februari 1990, dhidi ya Edmonton, jirani zao na mahasimu wao, alipata pointi 7 katika mechi moja.

Ndiyo maana nakuandikia, Rehema. Orodha ya zamu wameiandika wao, na wana haki ya kukagua vyeti. Hata mimi ningetaka mkunga wa mama yako akaguliwe. Wakuandike wanavyotaka. Lakini ukishaingia kwenye chumba cha yule mzee, usifanye kazi kama anayeanza. Wewe ndiye uliyemshika tumbo mke wa jirani yetu usiku ule alipozidiwa, ukasema mtoto amelala vibaya, apelekwe hospitali ya Bombo sasa hivi, na mtoto huyo sasa yuko darasa la nne na ananisumbua kuniibia maembe. Mkono huo umekwenda nao. Mzee wa Kikanada ngozi yake ikianza kubadilika mgongoni, au akikataa chai aliyoipenda jana, utaona kabla ya mwingine. Sema. Mwambie huyo binti anayekufundisha, kwa adabu, tena mpe yeye akaripoti kama utaratibu wao ndio huo. Naye ana mambo yao ya mashine na makaratasi ya kukufundisha, yachukue yote.

Jambo la pili ni la Krutov, na hili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Krutov na Makarov walikuwa sawa. Wengine pale Moscow walisema Krutov ndiye hatari zaidi mbele ya goli, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alikwenda Vancouver msimu huohuo, mechi 61, mabao 11, na baada ya msimu mmoja wakaachana naye. Mwili ulimnenepa, lugha ilimshinda, nyumbani palimvuta. Larionov alikuwa naye timu moja, lakini Larionov alikijua Kiingereza na alikuwa mtu wa kuchangamana na kila mtu. Aliendelea kucheza NHL mpaka 2004 na akachukua Kombe la Stanley mara 3. Krutov alirudi, na mwaka 2012 alifariki Moscow akiwa na miaka 52. Namkumbuka alivyokuwa akipenya katikati ya mabeki wawili kama mlango uliachwa wazi kwa ajili yake. Uwezo haukumwishia kwenye ndege.

Kwa hiyo nakuomba, na hili naliomba kama baba: usijifungie. Mama yako anasema siku ya mapumziko unalala tu na kutazama simu. Kuna Watanzania na Wakenya huko, nenda kwenye shughuli zao hata kama hujisikii. Mpigie shangazi yako wa Toronto, amepitia hayohayo na ana mengi ya kukwambia. Kula chakula cha moto. Baridi nimeiishi, najua inavyomfanya mtu aone saa kumi jioni ni usiku na maisha yameisha.

Makarov alikaa Calgary misimu minne, kisha mwaka 1993 akapelekwa San Jose, timu iliyokuwa imeshinda mechi 11 tu msimu uliotangulia na kupoteza 71. Huko akakutana tena na Larionov, na akapewa tena namba 24. Alikuwa na miaka 35, akafunga mabao 30, na timu ile iliyochekwa na kila mtu ikawatoa Detroit Red Wings kwenye mtoano, mechi ya saba, 3-2. Mwenzangu aliniambia wale wawili walikuwa wakipeana shaiba kama vile wako bado Moscow. Ukumbi wa Heshima wa Hoki, ulioko Toronto, ulimwingiza mwaka 2016, na mimi niliona walichelewa sana.

Sasa mambo ya karatasi. Nimekwenda kwa mwajiri wako wa zamani, barua ya kuthibitisha miaka yako ya kazi imesainiwa na kupigwa muhuri, nimeitia kwenye bahasha pamoja na hii. Ile inayotakiwa kutoka Baraza la Wauguzi na Wakunga, Salimu ameshalipia. Wamesema wataituma wenyewe moja kwa moja, isipite mikononi mwetu. Niandikie kama wanataka na mtaala wa chuo, nimpelekee wakili autie muhuri, asubuhi moja inatosha. Mtihani wa Kiingereza usiuahirishe tena, na ada yake usiikate kwenye hela unazotutumia. Mihogo ikiuzwa nitakuongezea mimi.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama yale makoti ya rafiki yake yalikutosha.

Ni mimi baba yako anayekupenda.