Baba Shiru, ile story ya injini

Baba Shiru sasa,

Natumai mko poa wote, nisalimie Mama Shiru na hao watoto. Ile voisi noti yako ya kuniuliza ni injini gani ya treni nzuri kupanda huku Marekani nimeisikia nikiwa yadi nikacheka peke yangu, maana najua hutaki kujua mambo ya Marekani, unataka tu niseme kampuni ya GE ndio mzuri ndio uende ukabishane na wale jamaa wa EMD, ile kampuni nyingine ya kuunda injini, pale karakana. Haya basi.

Kwanza inategemea unauliza nani. Dereva atakujibu kuhusu throto, ule mkono wa kuongeza nguvu, na breki, lakini mimi ni kondakta, kazi yangu ikishaondoka yadi ni kukaa upande wa kushoto na redio na makaratasi na kubebwa, kwa hivyo mimi najibu na mgongo na masikio. Na sheria hapa inaruhusu ukae kazini saa 12, na usidhani ni saa 12 za kutembea, kuna siku nusu yake mmeegeshwa kwa lupu, ile reli ya kando ya kupishania, mnangoja treni ya mbele, sasa hapo nguvu za farasi zinakusaidia nini bana.

Wazee wa huku ukiwauliza watakuambia SD40-2 na hawatanyamaza. EMD walianza kuziunda 1972 mpaka miaka ya 80 ikaenda kuisha, farasi 3,000, ukisongeza throto nochi moja, yaani hatua moja, inaitika hapo hapo, GE nayo inakufanya ungoje kidogo kabla ya kuvuta. Na throto yake iko kando ya dereva, so ukishanti, yaani ukipanga mabehewa yadi, unageuka tu unaangalia nyuma unaendelea na kazi. Bogi zake, zile fremu za magurudumu, pia zinasifiwa, hata kwa reli mbovu haikurushi sana. Hayo yote nakubali. Lakini kuikalia usiku mzima? Kebini ni ya kubanana, kelele yote ya injini unayo mgongoni, na baridi ya Nebraska Januari inapita pale kwa mlango kama haujafungwa. Nikiwaambia hivyo wananiambia mimi mtoto wa juzi.

Halafu kuna Dash 9 ya GE, hii ungeipenda, ilitoka 1993 mpaka 2004, farasi 4,400. Injini ndani ni FDL, ile ile familia ya zile GE zetu za klasi 93 za huko Kenya za kutoka kitambo, tofauti ni hizo zetu zina silinda 12 na hii ina 16. Ikiwa imesimama inanguruma ukifunga macho unaweza dhani uko Makadara. Shida watu wanayolalamikia ni kutingika, kahawa usiweke kwa dashi hata dakika moja, na zile za miaka ya 90 walizoweka meza mbele ya dereva kama ofisi, madereva walizichukia sana juu ukirudi rivasi shingo inakufa. Baadaye kampuni nyingi za reli zikarudisha throto kando. Zile GE mpya za Evolution zimetulia zaidi, silinda 12 na farasi 4,400 ile ile.

Sasa yangu mimi ni SD70 za EMD zenye kebini iliyowekewa raba chini, yaani chumba chenu hakijashikana na fremu moja kwa moja. Utaijua ukiwa hata chini kwa kokoto, kuna mwanya unaokata pua ya injini, ile sehemu ya mbele, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ukiuona tu unapanda na begi lako ukiwa na furaha. Ndani mnaongea kama watu wako sebuleni, hakuna kupigiana kelele. Usichanganye na SD70ACe za kwanza kwanza, hizo ni ndugu lakini kebini zake zilikuwa zinanguruma na kutetemeka hadi watu wakazipatia jina la radi. Baadaye nao wakawekewa raba.

Kitu hakuna mtu atakuambia kwa brosha ni choo. Huku kiko ndani ya pua, unashuka ngazi kidogo mbele yenu, mlango mdogo, na Julai jua likichoma hiyo pua mchana kutwa harufu inapanda polepole inakuja kukaa na nyinyi. Ndio maana kabla ya kuondoka mimi naangalia choo kabla sijaangalia modeli. Kwa kawaida injini ya mbele haitakiwi kuongoza kama choo ni kibovu, na hapo ndipo watu wanaanza kuomba injini zipangwe upya, na bosi naye anaangalia saa. AC pia naangalia, juu mkisimama sana mashine inajizima yenyewe kuokoa mafuta na mnabaki mkipikwa kwa glasi.

Kwa hivyo ukienda karakana waambie mtu wako amesema hivi, kushanti ni SD40-2, safari ndefu ni SD70 ya raba, na GE ni ya kuvuta mzigo mrefu ukiwa na mto wa kukalia. Najua hawatakubali.

Sasa na wewe nijibu, zile GE zilizotumika huku zikaletwa huko 2014, bado mnazo barabarani? Na kiti kikoje, walibadilisha ama ni kile kile? Nirekodie na mlio wake ikiwa imesimama, nitawawekea hawa wazee tuone kama wataitambua.

Wako,
Baba Kamau