Kilo Yetu Haijapungua, Kopo Lako Ndilo Linalokudanganya

Wiki hii tena tumeitwa wapunjaji. Dada mmoja wa Mbagala ametutumia picha: kilo ya unga wa ngano ameimimina kwenye kopo lake la aiskrimu la lita 2, na haujafika juu. "Mwezi uliopita kopo lilijaa. Leo mmenipunja." Tukamwomba aurudishe, tukaupima mbele yake kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Kilo moja kamili.

Unga uliotoka kuchekechwa una hewa nyingi, kwa hiyo kilo yake inakaribia kujaza lita 2. Upakie kwenye bodaboda kutoka Kariakoo hadi Mbagala, urushwe kwenye kila tuta, utashuka na kushikamana. Uzito ni uleule, ujazo ndio uliopungua. Na dada huyohuyo hajawahi kulalamikia sukari, ambayo kilo yake kwenye kopo hilo inaishia kama lita 1 na robo tu!

Mafuta nayo yana kesi yake. Kuna kaka alinunua lita moja kwetu, akaenda kuipima duka la jirani, ikasoma gramu 920 hivi bila chupa. Alirudi amekunja uso. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kaka. Lita ya maji ndiyo kilo; ya mafuta haifiki.

Lakini hasara kubwa tunaiona kwa wapika keki wanaopima kwa kikombe cha chai. Resipi nyingi za mtandaoni ni za Marekani, na kikombe chao ni kama mililita 240. Magi ya kwako kabatini inaweza kubeba 300 na zaidi. Halafu mtu anachotea unga kwa magi hiyo ndani ya mfuko, anashindilia, anaongeza na kilima juu.

Mama mmoja wa Tabata alioka hivyo keki ya send-off ya binti yake. Resipi ilitaka vikombe 3 vya unga, yaani gramu 360 hivi. Kwa magi yake ya kushindilia alivuka nusu kilo. Keki ikapasuka juu, ndani kavu, na lawama zikaja kwetu kwamba baking pauda imekufa. Akanunua nyingine, akaoka tena kwa magi ileile, matokeo yaleyale. Mayai, siagi na sukari alivyotupa siku ile vingemnunulia mizani ndogo ya jikoni na chenji ikabaki. Tulipompimia kwa gramu, kwa pauda ileile aliyoilaumu, keki ikatoka.

Kikombe hichohicho cha Marekani kikijaa sukari ya kawaida ni gramu 200, sukari ya unga ni kama 120, siagi 227, asali inafika 340. Kwa hiyo ukiniuliza "kikombe ni gramu ngapi?" lazima nikuulize kikombe cha nini. Unga ujaze kwa kijiko, usishindilie, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Hamira na baking pauda tumia kijiko cha kupimia cha mililita 5, si hicho cha kukorogea chai.

Wanaosema bei yetu iko juu kuliko ya sokoni, walinganishe kilo kwa kilo, si kilo kwa kopo. Kopo la kuuzia likibonyezwa kitako, nani anajua kilichomo? Sisi tunapima kila mfuko, mfuko wenyewe hatuuhesabu kwenye uzito, na anayepima analipwa.

Resipi ya vikombe tunakubadilishia kuwa gramu bure ukinunua mahitaji hapa, na unaondoka na kila kitu kimefungwa kwa vipimo vyake. Mwenye shaka na kilo yake aje nayo, mizani iko kaunta. Ila Jumamosi mchana tusameheane: foleni ya keki za harusi inafika barabarani, njooni asubuhi.