Jumamosi: koki (sio ya bomba)

Wadau za jioni, Jumamosi ni saa nne kamili palepale stesheni Tabora, msije saa sita kama mara ile jamani. Mada ni koki, yani makaa ya mawe yanayookwa kwenye tanuru bila hewa mpaka digrii 1000 hivi, gesi na lami vinatoka linabaki donge gumu lenye vitundu, akili ileile ya tanuri letu la mkaa tunalofukia udongo. Abraham Darby, mwenye kiwanda cha chuma, aliyeyushia chuma nayo 1709 huko Coalbrookdale, Uingereza. Tanuru za koki za Zollverein, Ujerumani, zilizimwa 1993 saivi watu wanaenda kutembea tu 😀 Mwenye mkaa ulioiva, ule ukiugonga unalia kama kigae, aje nao. Chai buku.